Filamu Namba Ishirini na Saba

Jumatatu, 11 Machi 1985
Mvua bado haijaja. Jana tulikula tena ugali wa unga wa manjano, mwanangu Ndanu akasusa akasema unanuka gunia. Nimemwambia ana bahati hakuwa Kitui mwaka jana wakati wa njaa.

Naandika kwa sababu mume wangu Muindi akirudi na lori kutoka Mombasa huniuliza, "Kumekuwaje huku?" nami hukuta siku zote zimenipita na sina la kumwambia. Labda nikiandika zitakaa.

Kazini kuna shida ya watu. Mimi ni karani na mkalimani wa utafiti wa kifafa. Wana mashine inayopiga picha ya ubongo bila kumkata mtu, na wagonjwa tunao tele, kila asubuhi benchi limejaa. Wanaokosekana ni wazima. Profesa anataka picha za vichwa visivyo na tatizo lolote azilinganishe na za wagonjwa. Ni Mzungu mpole, hukumbuka jina la mwanangu. Leo ameniambia, "Nthoki, wewe unaishi na watu. Nitafutie wazima kumi."

Alhamisi, 14 Machi
Nimempata wa kwanza, tena sikwenda mbali. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, Naftaly Mbuthia, Baba Wanyoike. Ni fundi wa mabati kule Shauri Moyo, hutengeneza masanduku ya watoto wa bweni. Sijawahi kumsikia akikohoa. Jioni akikaa mlangoni na kuanza kusimulia, hata watu wa nyumba za nyuma husogea.

"Baba Wanyoike, nakitaka kichwa chako siku moja."

"Kichwa? Muulize Mama Wanyoike kama kuna kitu ndani."

Mkewe, Lydiah, alicheka huku anachambua maharagwe. Yeye ni mwalimu wa chekechea ya kanisa na haamini kitu upesi. Alichukua ile karatasi, akaisoma yote. Karatasi hiyo niliitafsiri mimi mwenyewe kutoka Kiingereza mwaka jana.

"Hapa mmeandika picha ni za utafiti tu, na mshiriki hatapewa majibu," alisema. "Na wakiona kitu kibaya?"

"Watamwambia," nikasema. "Si ni madaktari?"

Hakuna aliyeniagiza niseme hivyo. Nilisema kwa sababu ndivyo nilivyoamini, na kwa sababu nilitaka atie sahihi. Baba Wanyoike akatia sahihi.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua! Saa nane mchana, kubwa, bila kuonya. Watoto wote wa mtaa wetu wa Jericho walitoka nje na hakuna mama aliyewaita.

Jumanne, 19 Machi
Baba Wanyoike amepigwa picha. Alivaa suti ya Jumapili. Alipolazwa na kichwa kuingizwa kwenye lile tundu, akaniuliza kwa sauti kama mashine inaona na dhambi, ili ajitayarishe. Dkt. Mulwa, anayemsaidia Profesa, alicheka hadi akavua miwani.

Nimempa namba ishirini na saba, maana wagonjwa na wazima huhesabiwa pamoja. Ndivyo tufanyavyo: filamu huandikwa namba tu, na majina yamo kwenye daftari ambalo ufunguo wa kabati lake ninao mimi. Madaktari hawajui namba ni nani. Profesa anasema hiyo ni kumheshimu mtu, siri yake ibaki yake.

Jumamosi, 23 Machi
Mvua. Choo cha mwisho wa safu kimeziba.

Jumatano, 27 Machi
Leo walikuwa wanasoma filamu. Mimi nilikuwa meza ya pembeni napiga taipu. Filamu zinabandikwa kwenye kioo chenye taa, na ubongo unaonekana kama kokwa ya jozi iliyopasuliwa, vipande vipande. Nimezoea, siinui tena macho.

Dkt. Mulwa akasema, "Huyu si wa kundi la wazima?"

Profesa akasogea. Halafu Profesa akasema kuna kivuli upande wa kushoto, ukubwa wa kunde, huenda ni uvimbe, huenda ni kovu la zamani, huenda si kitu. Hafai tena kuhesabiwa na wazima. Akaniambia bila kugeuka, "Nthoki, tafadhali mtoe ishirini na saba kwenye orodha."

Nilichukua kalamu nikapiga mstari. Mkono ulifanya kazi yake kama kawaida. Nilipofika ngazini nikakaa palepale.

Katika jengo lote, ni mimi peke yangu ninayejua ishirini na saba ni nani.

Alhamisi, 28 Machi
Nilimngoja Dkt. Mulwa mlangoni. Nikamuuliza, yule mtu ataambiwa lini?

"Haambiwi," alisema. "Hiyo si picha ya matibabu. Alikubali kwa sahihi."

"Daktari, mimi namjua."

Alinyoosha kiganja upesi kana kwamba nataka kummwagia kitu. "Usiniambie. Ukiniambia nitakuwa nimejua."

Ni mtu wa kwetu Machakos, tumesali kanisa moja. Leo nimemdharau. Kisha njia nzima ya kurudi nikajiuliza, mimi na yeye tuna tofauti gani?

Baba Wanyoike alikuwa mlangoni. "Mama Ndanu! Wameona akili ngapi?"

"Nyingi," nikasema.

Jumapili, 31 Machi
Mvua mchana kutwa. Sikutoka.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili
Lydiah alituita chai baada ya ibada. Baba Wanyoike alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyeleta sanduku akidai limeliwa na panya, bati lile! Tukacheka sana. Alipofika katikati akataka mkewe amwongezee chai, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo... hiyo..." Akaitazama birika. Alitikisa vidole. "Hiyo ya kumimina."

"Uzee huo," Lydiah akasema, akammiminia.

Wote walicheka tena. Yeye pia alicheka, lakini nilimwona akiangalia birika mara ya pili, kama mtu aliyekutana na rafiki na kulikosa jina lake.

Nilisema naumwa na tumbo nikarudi nyumbani.

Jumanne, 9 Aprili
Nimekwenda kwa Profesa. Nilikuwa nimejipanga kumchukia na nilishindwa. Alifunga mlango, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho.

Kisha akanisimulia. Miaka ya nyuma, katika nchi nyingine, alimwambia mwanamke mmoja kwamba picha yake ina kivuli. Mwanamke hakuwa akiumwa na chochote. Hakulala tena kwa hofu, akatafuta daktari wa kumpasua, wakampasua, na hakukuwa na kitu. Tangu siku hiyo anatembea na fimbo. "Picha hizi tunazisoma kama watoto wanavyosoma gazeti," alisema. "Tunazijua herufi chache. Nikiwaambia watu kila kivuli nitawaumiza wengi kuliko nitakaowasaidia. Ndiyo maana kanuni ipo, nami siwezi kuivunja kwa sababu mmoja ni jirani wa karani wangu."

"Lakini huyu ameanza kupoteza maneno."

"Umemwona daktari akimpima? Au umemwona akisahau jambo, kama ninavyosahau mimi?"

Alisema akiugua ataenda hospitali kama watu wote, na huko watamwona. Alinikumbusha kwamba nilikula kiapo cha siri. Hakunitisha. Alikuwa na huzuni usoni, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Angenitisha, nadhani ningekwenda moja kwa moja kwa Lydiah.

Ijumaa, 12 Aprili
Muindi amefika. Nimemwambia. Alikula kwanza, akamaliza, akanawa. "Profesa amesoma kuliko sisi," alisema. "Na ukikosea? Umtie mtu hofu ya kichwa bure?" Hakutaja kazi yangu, ila aliangalia viatu vya shule vya Ndanu pale pembeni, nami niliona.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua. Sikusema.

Jumatano, 17 Aprili
Mvua. Baba Wanyoike anasema kichwa kinamgonga asubuhi, eti ni kelele za mabati. Nilimwambia aende kliniki. Akasema ataenda. Nilitaka kuongeza neno, mwanawe Wanyoike akaingia na nguo zilizolowa zikichuruzika maji, nikaondoka.

Alhamisi, 18 Aprili
Kliniki wamempa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Daktari wa kliniki angejuaje?

Jumatatu, 22 Aprili
Sikusema.

Jumatano, 24 Aprili
Ameanguka kazini. Mafundi wenzake wanasema alikuwa anakunja bati, nyundo ikamtoka, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka peke yake, kisha mwili mzima. Wamempeleka hospitali ya serikali kwa mkokoteni hadi barabarani, kisha kwa pikapu ya mwenye duka. Lydiah aliitwa kutoka chekechea akaenda na chaki mikononi.

Alhamisi, 25 Aprili
Leo nimesema. Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Asubuhi sikwenda kazini. Lydiah nilimkuta nje ya wodi, amekaa ukingoni mwa ukuta wa saruji chini ya bati, mvua inapiga juu hata ilibidi tuinamiane ili kusikizana. Akasema, "Wananiuliza kama ukoo wao una kifafa. Mimi nimekaa naye miaka kumi na tisa, kifafa gani?" Akaongeza, "Wewe si unafanya kazi na hao wa kifafa? Waulize, Mama Ndanu. Nisaidie."

Alinishika mkono aliposema hivyo. Nikamwambia huku bado ameushika.

Nilisema kwamba picha ya mwezi wa tatu ilionyesha kitu upande wa kushoto. Hawakujua ni nini hasa. Mimi nilijua kuwa kipo.

"Mwezi wa tatu," alisema.

"Tarehe ishirini na saba niliwasikia."

"Tarehe ishirini na saba." Alikuwa anahesabu, midomo inacheza. "Pasaka ulikuwa kwangu."

"Nilikuwa."

"Ulimwona na birika."

Kumbe na yeye aliona. Wiki zote hizo aliona na kunyamaza kwa hofu, na mimi nilinyamaza kwa hofu, na ukuta kati yetu ni wa tofali moja.

"Nilikuuliza," alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza, wakiona kitu kibaya? Ulinijibu nini?"

"Nilisema watamwambia."

"Hapana. Mimi sikuwauliza wao. Sikuwajua. Nilikuuliza wewe."

Akautoa mkono wake. Hakunisukuma wala hakulia, alisimama tu akaingia wodini, na kupitia dirishani nikamwona anampangusa mumewe mate kwa ncha ya leso yake.

Kutoka pale nilikwenda kazini, nikaenda moja kwa moja kwa Dkt. Mulwa, nikasema, "Ishirini na saba ni Naftaly Mbuthia. Yuko wodini, ameanguka. Sasa umejua."

Akavua koti jeupe, akaenda kwenye rafu, akaitoa ile filamu kwenye bahasha yake. "Nionyeshe wodi," alisema.

Njiani hatukusemezana. Aliibeba filamu ndani ya shati isilowe.

Jumanne, 30 Aprili
Nimempa Profesa ufunguo wa kabati na barua ya kuacha kazi. Alisoma, akasema anasikitika. Nadhani ni kweli. Kuhusu Dkt. Mulwa, aliandikiwa barua ya onyo kwa kutoa filamu nje.

Jumatano, 8 Mei
Wamempasua leo. Daktari mpasuaji alitoka jioni akasema ni uvimbe usio wa saratani na wameutoa karibu wote. Lakini siku ile alipoanguka ulikuwa umevuja damu, na damu ile imeharibu sehemu inayoshika maneno.

Lydiah akauliza, "Angeletwa mwezi wa nne mwanzoni?"

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyesimama nyuma kidogo. Hakujua mimi ni nani. "Mama, sitakudanganya," alisema. "Pengine damu isingevuja kabla ya kumpasua. Pengine ingevuja mezani. Hakuna anayeweza kukuambia."

Basi hilo ndilo nitakaloishi nalo. Ningeambiwa nimemwangamiza ningelia, ningeambiwa sina kosa ningepumua. Nimepewa "pengine."

Jumapili, 12 Mei
Mvua zimeanza kupungua. Muindi ameandika kutoka Voi kwamba mahindi huko yamesimama, ya mwaka huu ni mazuri.

Jumatatu, 20 Mei
Baba Wanyoike amerudi nyumbani. Anatembea, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Maneno aliyobaki nayo ni machache: ndiyo, hapana, chai, na jina la marehemu mama yake, ambalo sasa anamwita nalo kila mwanamke.

Jumatatu, 27 Mei
Leo amenisalimia.

Nilikuwa naanika nguo. Akaja polepole akiushika ukuta, akasimama mbele yangu, uso wote ukafunguka kwa furaha. Akaniita jina la mama yake. Aliushika mkono wangu akautikisa na kuutikisa. Ama hakumbuki, au hakuwahi kuelezwa, au alielezwa likapita. Kwake mimi ni jirani mwema wa siku zote.

Lydiah alikuwa mlangoni mwao anatutazama. Afadhali angekumbuka akanitemea mate.

Jumatatu, 3 Juni
Lydiah amekuja kwangu, mara ya kwanza tangu Aprili. Hakukaa. Alitaka kujua kama Ndanu anaweza kumsomea Baba Wanyoike magazeti baada ya shule, maana daktari amesema asikie maneno mengi.

"Atakuja," nikasema. "Hata mimi naweza..."

"Ndanu," alisema.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Walipigwa wangapi picha?"

"Mpaka naondoka, thelathini na tisa."

"Na wote uliwaambia vile ulivyoniambia mimi?"

"Wote."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nilikaa hapo hapo na nyuso zao: yule mpishi wa shule, yule mama wa Makadara mwenye mapacha, yule seremala. Wote walinitazama mimi, hawakuitazama karatasi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwisha kuzungukia tisa. Nawaambia wazi: niliwaahidi kitu ambacho hakikuwamo katika karatasi, nendeni mkadai majibu. Mpishi alinifokea. Mama wa mapacha alinikaribisha na hakuelewa kwa nini nalia.

Jumanne, 11 Juni
Baridi. Ndanu anasema Baba Wanyoike leo amepata neno "gazeti", akalitumia kwa kila kitu, hata paka.

Jumatano, 12 Juni
Asubuhi, kabla sijatoka kwenda kuwatafuta wengine, Dkt. Mulwa alibisha hodi. Sikuwahi kumwona Jericho. Viatu vyake vilikuwa na tope na alikataa chai.

"Nimefungua daftari la majina," alisema. "Karani mpya alikuwa nje. Kuna mtu wa Eastleigh, aliandikishwa baada ya wewe kuondoka. Anaitwa Wehliye, ni fundi cherehani. Filamu yake nimeisoma jana saa kumi."

"Profesa anajua?"

"Atajua leo. Nimemwachia barua mezani." Alitazama miguu yake. "Nthoki, mimi kusoma filamu najua. Kumwambia mtu sijui. Sijawahi kufanya."

Nikavaa sweta. Tulikwenda kwa miguu hadi Jogoo Road na kutoka hapo tukapata basi. Njia nzima alinieleza kilichoonekana, na kila alipotumia neno la kidaktari nilimwambia alirudie kwa maneno ya nyumbani, akarudia, mpaka akabaki na sentensi tatu ambazo mtu yeyote angezielewa.

Wehliye ni mrefu, ndevu zimepakwa hina, tepu ya kupimia shingoni. Alikuwa anashona kaunda suti mlangoni mwa duka. Aliposikia tumetoka wapi alisimamisha cherehani kwa kiganja.

Dkt. Mulwa alianza, akakwama. Nikaanza mimi. Nilimwambia kuna kitu kimeonekana kwenye picha ya kichwa chake. Huenda ni kitu cha hatari na huenda si kitu kabisa, na hata daktari huyu hajui. Kuna hospitali ya kwenda kupimwa vizuri, na tumekuja kumpeleka kama atapenda. Sikuongeza neno la kumfariji ambalo si la kweli. Dkt. Mulwa alimwonyesha mahali penyewe kwa kugusa kichwa chake mwenyewe, juu ya sikio.

Mtu yule alitutazama kwa zamu. Mikono ilikuwa bado juu ya kitambaa.

"Karatasi yao ilisema hawataniambia kitu," alisema.

"Ndivyo ilivyosema."

"Mmejua lini?"

Dkt. Mulwa alifungua mdomo, lakini nilijibu mimi. Nilitaka kulisema mwenyewe.

"Jana," nikasema. "Jana saa kumi."

Alihesabu kidogo kichwani, nikamwona. Kisha akaondoa tepu shingoni, akaikunja, akamwita mkewe kwa Kisomali kuelekea ndani. Mke akatoka na koti lake. Wehliye akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu kabisa, akasema, "Twendeni."